Ukoo Tulioupata Mbweni

(Maneno yaliyosemwa baada ya chakula cha jioni, siku ya Jumamosi)

  Nimepewa dakika kumi na tano. Nitajitahidi, ingawa mnafahamu kwamba mama zetu hawakutulea kwa saa.

Kilichonisimamisha mbele yenu ni swali niliulizwa katika mkutano wetu uliopita, usiku, tulipokuwa tukiosha vyombo. Mtoto wa kaka yangu aliniambia: "Shangazi, Mungu namwamini, na kila usiku namwomba chumbani mwangu. Lakini kwenda kanisani kila Jumapili kukaa na watu nisiowajua, ambao pengine hata hawanipendi, kuna faida gani?" Sikuwa na jibu la maana. Nilimkabidhi sufuria aifute. Lakini swali lile nilirudi nalo nyumbani, na tangu siku hiyo limekaa nami kama mgeni asiyeaga. Leo namjibu mbele yenu nyote, maana nadhani si yeye peke yake aliye nalo.

Sharti nianzie mbali. Sisi wa ukoo huu tuna desturi ya kuulizana, "Kwetu hasa ni wapi?" na kila mmoja hujibu lake. Wako wanaosema Unguja, wako wanaosema Masasi, na wako wanaotaja ziwa Nyasa kwa sauti ya mtu anayebahatisha. Ukweli ni kwamba hatujui. Mama yake bibi yetu alitekwa akiwa mtoto mdogo, akateremshwa pwani, akapakiwa jahazini. Manowari ya Kiingereza ililikamata jahazi lile baharini, na watoto waliokuwamo wakafikishwa kwa balozi wa Uingereza mjini Unguja, kisha yeye na wenzake wakakabidhiwa kwa Misheni. Hiyo ndiyo Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyofika Unguja mwaka 1864 chini ya Askofu Tozer. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873, na Krismasi ya mwaka uleule likawekwa pale Mkunazini jiwe la msingi la kanisa ambalo wengi wenu mmelitembelea na kupiga picha mbele yake. Askofu Steere, aliyelisimamia jengo lile, amezikwa mumo humo.

Bibi alisimulia kwamba mama yake hakukumbuka lugha ya kwao ila neno moja, nalo hakuwa na hakika kama lilimaanisha "mama" au "maji". Hakulijua jina la baba yake wala la kijiji chake. Katika Unguja ya wakati ule, mtu wa namna hiyo hakuwa mtu kamili machoni pa wenzake. Aliyeachwa huru alikuwa huru kwa sheria, lakini nani angemtolea posa? Akiugua, nani angemuuguza? Akifa, nani angechimba kaburi na kukaa matanga? Uhuru usio na jamaa ni jua la utosi. Halikufungi kamba, lakini huna pa kujificha.

Alipelekwa Mbweni, nje kidogo ya mji upande wa kusini, katika shamba ambalo Misheni ilikuwa imelinunua mwaka 1871. Palikuwa na watu wa kila kabila: Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, wote waliong'olewa makwao. Palikuwa na shule ya wasichana, ambayo tangu 1877 iliangaliwa na Bi Caroline Thackeray, mwanamke aliyeishi Mbweni mpaka alipofariki mwaka 1926. Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya pamoja, kwa sababu hapakuwa na nyingine ambayo wote wangeweza kuelewana kwayo. Hapo akabatizwa. Jina alilopewa mnalijua, kwa maana wasichana sita wa ukoo huu wanalo, na wawili kati yao wako hapa na hawalipendi.

Hapa naomba nisieleweke vibaya. Sitaki kuwachorea Mbweni kama bustani ya Edeni. Wamisionari walikuwa watu wa zama zao. Waliwapa watu majina bila kuwauliza yale ya zamani, waliwapangia kazi na saa za kulala, na aghalabu walijiona wao ni baba na wale wengine ni watoto, hata wakiwa na mvi. Kijana wetu mmoja anayesoma historia amenikumbusha hayo kwa barua ndefu. Nimeipokea, ana haki.

Lakini barua yake ilisahau jambo moja. Wamisionari hawakuwa ndio kanisa zima. Siku mama yake bibi alipobatizwa alisimamiwa na mwanamke wa Kiyao, mpishi, ambaye yeye mwenyewe alikuwa ameokolewa jahazini miaka kadhaa nyuma. Mwanamke yule hakuwa na damu moja naye, wala kabila moja. Alisimama kandokando ya maji akaulizwa kama atamwangalia mtoto huyu, akajibu kwamba atamwangalia. Na alimwangalia. Alimfundisha kusuka ukili, alimlaza kifuani alipopatwa na homa, na siku ya posa alikaa mahali pa mjomba, akaupokea ukunga wote ambao kwa desturi hupokewa na jamaa. Bibi alikuwa akicheka akisimulia jinsi ndoa ilivyotangazwa kanisani Jumapili tatu mfululizo, kama ilivyo kawaida yetu, na watu wakaulizwa kama kuna ajuaye kizuizi. Nani angejua? Hapakuwa na mmoja katika kanisa lile aliyejua nasaba ya bwana arusi wala ya bibi arusi. Ilibidi watu wale wajuane upya, tangu siku ile na kuendelea.

Mwanamke yule wa Kiyao ndiye tunayemwita "Bibi wa Jikoni" katika hadithi zetu. Wengi wenu mlidhani ni babu yetu kwa damu, kwa upande wa kike. La hasha. Alikuwa mama wa ubatizo. Ukiuondoa ubatizo ule, hapana ukoo, hapana Umoja, hapana mkutano huu, wala pilau tuliyokula sasa hivi.

Naye hakuwa peke yake wa aina yake. Mwaka 1876 Askofu Steere alipowachukua baadhi ya watu wa Mbweni ili kuwarudisha bara, wengi wakaishia Masasi, walikwenda kama kanisa: hawakuwa na mtemi wala mzee wa ukoo. Walipovamiwa na Magwangwara mwaka 1882, nyumba zikachomwa na watu wakachukuliwa mateka kwa mara ya pili katika maisha yao, waliobaki walikusanyika tena. John Swedi, mmoja wa wavulana watano wa kwanza waliokabidhiwa kwa Misheni, alifanywa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, aliyewahi kuwa mtumwa, alipewa upadre mwaka 1890. Mtu asiyekuwa na baba akawa anaitwa Padre. Nikilifikiri hilo hunijia machozi, nanyi mnisamehe, ni uzee.

Sasa nije kwangu, maana swali la kijana wangu halikuwa la mwaka 1876.

Nilifika Uingereza mwaka 1971 kusomea uuguzi. Jumapili ya kwanza nilivaa gauni langu zuri nikaenda kwenye kanisa la mtaa, la Kianglikana kama letu. Ibada niliijua kwa moyo. Nilichofanya ni kuisikia kwa Kiingereza. Baada ya ibada padri alinishika mkono mlangoni kwa adabu sana, akaniambia kwamba pengine ningejisikia vizuri zaidi mahali penye watu wa kwetu. Alitabasamu. Hakunitukana. Nilirudi chumbani nikavua gauni lile, na kwa miaka kumi na mmoja sikuingia kanisani ila kwa harusi. Nilisali chumbani mwangu kila usiku, kama mtoto wa kaka yangu. Kwa hiyo, mwanangu, hunielezi habari za nchi nisiyoijua.

Februari 1982 ilikuja simu ya maandishi kwamba Mama amefariki Unguja. Nauli sikuwa nayo, na hata ningekuwa nayo, maziko yalikwisha fanyika siku mbili nyuma. Nilikaa kitandani nikiwa na karatasi ile. Watoto walikuwa wadogo, baba yao kazini. Nilitaka kusali, nikagundua kwamba maneno yamenikauka. Kwetu mtu akifiwa hatakiwi kutafuta maneno. Wenzake huyasema kwa niaba yake, yeye kazi yake ni kulia tu. Mimi nilikuwa sina wa kuyasema.

Jumapili ile nilirudi kanisani kulekule. Padri alikuwa mwingine. Nilimwomba alitaje jina la Mama katika maombi ya marehemu. Aliniomba nimwandikie, nikamwandikia kwenye bahasha. Alilisoma vibaya sana. Mama mwenyewe asingejitambua. Lakini watu wale wote, wasiomjua na wasioijua Unguja iko upande gani wa dunia, waliitikia. Nililia kwa sauti, jambo ambalo Waingereza hawalizoei.

Jioni mlango ukagongwa. Walikuwa wanawake wawili: mmoja Mbarbados, dereva wa basi, na mwingine bibi mzee wa Kiingereza aliyekuwa akipanga maua kanisani. Mmoja alileta wali na maharage, mwingine keki. Walikaa. Yule mzee hakusema neno kwa muda wa saa nzima. Alishika kikombe chake cha chai akaangalia zulia. Hayo ndiyo yalikuwa matanga ya Mama katika nchi ile, watu wawili. Usiku ule nilimfahamu Bibi wa Jikoni kuliko nilivyowahi kumfahamu.

Wahenga walisema udugu si kufanana, ni kufaana. Shemeji yangu wa Muscat aliposikia kisa hiki aliniambia kwamba hata yeye, alipofika kule bila kumjua mtu, alipata jamaa katika safu ya sala ya alfajiri. Sikushangaa. Lakini mimi nasema ninachokijua kwa upande wetu.

Mtoto wa kaka yangu anasema huko kanisani kuna watu wasiompenda. Ni kweli, wapo. Hata mimi wapo nisiowapenda, na mmoja nimekaa naye benchi moja kwa zaidi ya miaka thelathini. Umoja wetu huu ni mzuri, lakini tunakutana mara moja kila baada ya miaka miwili, nasi tumeunganishwa na damu, au tunavyodhani kuwa ni damu. Ibada ya Kiswahili ya mwezi pia ni nzuri, nami siikosi. Huko ndiko tunakochangia mazishi na kuula ugali. Hata hivyo nawasihi msiiache parokia ya mtaa mnaoishi. Mtu anayekaa mbali nawe maili sitini atakuja kwenye mazishi yako. Wa mtaani ndiye atakayegundua Jumapili kwamba hujaonekana.

Hilo tulilishuhudia mwaka 2020, makanisa yalipofungwa na kaka yetu mkubwa akazikwa mbele ya watu wachache walioruhusiwa na serikali, sisi wengine tukitazama kwenye simu. Niliona basi kwamba sala ya chumbani ni sala kweli, na Mungu huisikia. Lakini haiji na sahani ya wali mlangoni. Mmoja wa watu wachache waliosimama kaburini siku ile alikuwa mwanamume Mwingereza ambaye sikumtambua. Baadaye niliambiwa kwamba ndiye aliyekuwa akikaa karibu na kaka kwaya ya besi, Jumapili baada ya Jumapili, na kwamba hawakuwahi kuzungumza mengi.

Yule bibi mzee wa maua alifariki zamani. Lakini kabla hajafariki alifanya jambo moja nililokuja kulijua kwa bahati. Kila mwaka, tarehe 2 Novemba, siku ya kuwakumbuka Marehemu Wote, majina husomwa kanisani kwetu, na la Mama limo tangu 1982. Mapadri wamebadilika mara tano. Mwaka mmoja, padri mgeni alilisoma jina sawasawa, silabi kwa silabi, kama mtu wa Mkunazini. Nikamfuata nikamuuliza nani aliyemfundisha. Akafungua daftari akanionyesha: pembeni mwa jina la Mama, kwa kalamu ya risasi, kwa mwandiko wa kizee unaotetemeka, palikuwa pameandikwa jinsi ya kulitamka.