Hamali Hana Maabara: Kwa Nini Elimu ya Mwendo Ianzie Likoni



Miaka kadhaa iliyopita nilikaa katika kikao cha mitaala. Ajenda ilikuwa fupi: je, Pwani ina haja ya shahada ya kinesiolojia na sayansi ya mazoezi? Mwenzangu mmoja, msomi ninayemheshimu, akasema, "Pwani mna bahari na halwa. Mbio waachieni Iten." Kikao kizima kikacheka. Nami nikacheka, kwa adabu. Nikarudi nyumbani Mtongwe kauli ile ikiniwasha kama upupu, na mpaka leo haijanitoka. Mhadhara huu ni jibu langu. Niwieni radhi likirefuka.

Ya kitabuni nitayapita upesi. Kinesiolojia ni elimu ya mwendo wa mwili: misuli, mifupa, moyo, mapafu, neva, na hesabu za nguvu zinazoviendesha. Chuo Kikuu cha Kenyatta kinaifundisha. Mwanafunzi wa elimu hii husoma anatomia kama wa udaktari, hupiga hesabu kama wa fizikia, kisha hutoka nje kukimbizana na watu wazima wenye kisukari. Anayedhani ni shahada ya kupiga danadana hajakutana na mtihani wa biomekaniki.

Sasa nimrudie mwenzangu. Kauli yake ilificha madai mawili: kwamba elimu hii ni ya wanariadha, na kwamba wanariadha ni watu wa nyanda za juu. Nianze na hili la pili, kwa kuwa ndilo lenye kelele zaidi.

Iten iko mita 2,400 hivi juu ya bahari, na hakuna anayekana kwamba hewa nyepesi huufunza mwili kuitumia vyema oksijeni. Lakini kama siri ingekuwa mwinuko peke yake, medali za marathoni zingekuwa zinagawanywa Nepal na Bolivia. Bengt Saltin, mwanafiziolojia wa Sweden, alikuja Kenya na wakimbiaji wa Skandinavia mwaka 1990, akachapisha matokeo yake 1995. Kilichomvutia zaidi ya milima ni vijana waliokwenda shule kwa miguu kila siku, na wakimbiaji waliotumia oksijeni kidogo kuliko wageni wao kwa kasi ileile. Naam, kwenda kwa miguu. Tangu lini jambo hilo likawa la Iten pekee?

Kisha kuna siku ambayo mwenzangu angeikumbuka, asingefungua kinywa. Tarehe 24 Machi 2007, mbio za nyika za dunia zilikimbiwa hapa Mombasa, kwenye uwanja wa gofu, ng'ambo tu ya kivuko cha Likoni. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuwa ameshinda mbio ndefu za wanaume miaka mitano mfululizo. Alikuja kama mfalme. Katika mzunguko wa mwisho akaacha mbio, na ushindi ukaenda kwa Zersenay Tadese wa Eritrea. Hakuwa Bekele peke yake aliyeshindwa kumaliza.

Kilichowakuta wanakijua wote waliowahi kupanga foleni ya feri mwishoni mwa kaskazi. Jasho halipozi mwili kwa kutoka; hupoza kwa kukauka. Hewa ikishashiba unyevu, jasho hudondoka tu chini, na joto linabaki mwilini. Moyo unajikuta una mabwana wawili: misuli inataka damu ikimbie, ngozi inataka damu ipoe. Mwili wenye akili hupunguza mwendo kabla ya hatari kufika. Hilo ndilo wageni wameliita uvivu wa Mpwani kwa karne nzima. Mimi naliita fiziolojia.

Mtaniambia Tadese naye ni mtu wa nyanda za juu, tena za Eritrea. Kweli kabisa, na sidai kwamba Mpwani angemshinda. Ninachodai ni kwamba milima haikutosha kueleza nani alimaliza na nani aliacha. Tunajua mwili huzoea joto kwa siku 10 hadi 14: maji ya damu huongezeka, jasho huanza mapema na hutoka na chumvi kidogo. Nani kalizoea vipi, kwa kazi gani, hujulikana kwa kupima. Na mahali pa kupimia joto ni penye joto.

Nije kwenye dai la kwanza, ambalo kwangu ndilo kosa kubwa: kwamba elimu hii ni ya wanariadha. Historia yake yenyewe inalikanusha. Mwaka 1953 Jerry Morris na wenzake walionyesha kwamba makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London, waliopanda na kushuka ngazi kutwa, waliugua moyo kidogo kuliko madereva waliokaa kitini. Mwaka 1975 Ralph Paffenbarger alichapisha habari za makuli 6,351 wa bandari ya San Francisco, waliofuatiliwa kwa miaka 22. Wenye kazi nzito walikufa kwa moyo kwa kiwango cha chini sana kuliko wenzao wa kazi nyepesi. Kondakta na kuli! Somo hili lilijengwa juu ya migongo ya watu ambao mji wetu unao kwa maelfu.

Babangu alikuwa mmoja wao. Tulikaa Chaani, naye akishuka Kilindini kubeba magunia ya kahawa, kilo 60 kila moja. Alikuwa na msemo wake: gunia halibebwi kwa mgongo, hubebwa kwa pumzi. Nilidhani ni majivuno ya makuli, mpaka nilipofika chuoni nikafundishwa jinsi pumzi iliyobanwa inavyolikaza tumbo na kuulinda uti wa mgongo.

Lakini nafasi ya juu kabisa moyoni mwangu ni ya makala moja ya mwaka 1986, katika jarida la Nature. Miongoni mwa waandishi wake alikuwamo Mkenya, Profesa Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Waliwapima wanawake wa Kiluo wabebao mzigo kichwani na wa Kikuyu wabebao kwa ukanda wa kipajini. Wakaona kwamba mzigo usiozidi asilimia 20 ya uzani wa mwili haukuongeza oksijeni yoyote waliyotumia. Mzigo wa bure! Askari mwenye shanta mgongoni hana bahati hiyo. Kila kilo anailipia.

Siri, walivyoeleza Heglund na wenzake mwaka 1995, ni bembea. Kumbukeni bembea za Idi pale Makadara: ukipanda juu unaweka akiba ya nguvu, ukishuka unarudishiwa. Kutembea ni hivyohivyo, ila wengi wetu hupoteza sehemu ya akiba katika kila hatua. Wanawake wale wakitwishwa mzigo, upotevu huo hupungua. Nawasomea wanafunzi wangu makala ile kila mwaka, na kila mwaka nampigia hesabu mamangu. Alikuwa na kilo 60, akijitwika mtungi wa lita 20. Kilo 12 za kwanza alibeba bure. Nane zilizobaki alizilipa, safari nne kila alfajiri, na hakuna aliyewahi kumwandikia risiti.

Uadilifu unanitaka niseme na ya upande wa pili. Wanawake waliopimwa walikuwa wachache sana. Utafiti wa baadaye kwa wanawake wa Kixhosa, Afrika Kusini, haukuiona faida ile kwa wote. Wengine waliipata, wengine hapana. Na watafiti wa Denmark wametuonya kwamba kazi nzito ya kutwa, bila mapumziko, haiulindi moyo kama mazoezi ya kujichagulia, na huenda ikaudhuru. Babangu ni ushahidi wao na wangu kwa pamoja. Alifika miaka 81 na moyo mzima, lakini kila akimaliza kuswali alihitaji mtu wa kumwinua. Hospitali tuliyompeleka ilimpa neno moja: pumzika. Hakuna aliyemuuliza miaka 30 aliinama vipi.

Nimeyapima yote hayo, na bado naamini nilichoamini nikiwa kijana: somo hili lina mwalimu wake wa kwanza, naye ni hamali. Juzi, saa saba mchana, nilimtazama kijana mmoja akipandisha mkokoteni wa maji kwenye mwinuko wa kutoka kivukoni Likoni. Nilihesabu mitungi 18, yaani kilo 360 kabla hujaupima mkokoteni wenyewe. Aliipanga pande zote mbili za ekseli hadi mpini ukaelea kiganjani. Hakupanda wima, aliukata mwinuko kwa mshazari, kulia kisha kushoto, akaegemea mbele mpaka kifua kikakaribia lami, na kwenye kivuli cha kwanza akasimama. Hiyo ni mihadhara mitatu ya biomekaniki na mmoja wa fiziolojia ya joto, na hakuna daftari la chuo lililoandika hata mstari.

Vijana, nisiwadanganye. Shahada hii si leseni ya kutibu. Wataalamu wa tiba ya maungo wana sheria yao ya mwaka 2014 na baraza lao. Lakini Bombolulu pana watu wanaohitaji viti na magongo yanayolingana na miili yao, bandarini pana migongo ya kuokolewa kabla haijavunjika, na kila mtaa kuanzia Magongo hadi Mishomoroni una mtu aliyeambiwa na daktari afanye mazoezi, asionyeshwe yapi.

Nanyi wakubwa wa vyuo, msisubiri mashine za kukimbilia zije kwa meli. Kazi ya kwanza ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza iwe hii: asimame kivukoni saa kumi na mbili asubuhi, apime mzigo, ahesabu hatua, amuulize hamali anaumwa wapi, aandike. Mizani ipo katika kila duka la mchele la Likoni. Tuiazimeni, tuanze.