Mkataba Nao ni Silaha: Tujifunze kwa Kesi ya Serengeti

(Haya niliyasema kwenye kikao cha vijana wa jimbo letu. Wengi mmeomba nakala, hii hapa.)



Pale mlangoni kijana mmoja ameniuliza: mikataba ya kimataifa inatusaidia nini, wakati hata sheria zetu wenyewe serikali haizifuati?

Sikilizeni. Mwaka 2010 serikali yetu ilikuwa na mpango wa barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa Serengeti, kwenye mapito ya nyumbu. Shirika moja la Kenya la kutetea wanyama, ANAW, likafungua kesi Mahakama ya Afrika Mashariki, pale Arusha. Serikali ikadai mahakama haina mamlaka. Pingamizi likatupwa. Juni 20, 2014 majaji wakaizuia lami ile.

Walishika nini mkononi? Mkataba wa Jumuiya, ambao nchi yetu ilisaini mwaka 1999 na kuahidi humo kulinda mazingira. Ahadi ni deni, jamani!

Sasa, watu wa Mugumu na Loliondo hawataki barabara? Wanaitaka, na ni haki yao. Kilichokatazwa ni lami kupita ndani ya hifadhi, si maendeleo yao.

Nyumbani nako tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Kifungu cha 4 kinampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Cha 5 kinamruhusu kwenda mahakamani kuidai. Lakini sheria hiyo, wenye wingi bungeni wanaweza kuibadili wakiamua. Mkataba hawawezi kuubadili peke yao, una wenzao ndani. Ndiyo maana tunavihitaji vyote viwili.

Ila kuna mtego. Ibara ya 30 ya Mkataba inatupa miezi miwili tu tangu uamuzi utolewe, au tangu tuujue. Mtaani kwetu tulilalamikia kijito kilichochafuliwa. Ofisi ikatuambia tusubiri. Tukasubiri mwaka mzima! Tulipomfuata wakili, swali lake la kwanza lilikuwa: barua yao mliipata lini? Tukabaki tunatazamana. Hakuna aliyeitunza.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Kila tawi liteue mtu mmoja wa kuandika tarehe, kupiga picha na kutunza barua. Hasira tunazo za kutosha, makamanda. Kinachotukosesha kesi ni karatasi.

Mapambano yanaendelea.