Siku Tatu Angkor
Mazungumzo kwa wanachama na majirani wanaojiandaa kwa safari



Kamati imenitaka niseme juu ya safari ya kwenda Angkor, katika nchi ya Kambodia. Najua zimo rai mbili kati yetu. Wako wasemao kwamba, maadamu tutapitia Bangkok, siku moja yatosha: tufike asubuhi, tupige picha, tuondoke. Na wako wasemao kwamba wazee wabaki nyumbani, kwani mwendo ni mrefu na jua ni kali. Mimi na mke wangu tulikwisha kwenda, na naona rai hizo mbili zimezaana. Ni ile siku moja ndiyo inayomshinda mzee. Mpeni siku tatu, naye atafika.

Mimi ni mtu wa duka, basi niruhusuni nianze na hesabu. Tiketi ya siku moja ni dola 37 za Marekani. Ya siku tatu ni dola 62. Maana yake siku ya pili na ya tatu, zote mbili pamoja, zatugharimu dola 25 tu. Tena siku hizo tatu si lazima zifuatane: tiketi hutumika ndani ya siku 10. Hapo ndipo wokovu wa wazee ulipo. Tutazuru siku moja, tutapumzika siku moja, kisha tutaendelea. Tiketi hubandikwa picha ya mwenyewe, kwa hiyo haiazimwi. Na dola 2 katika kila tiketi huenda kwenye hospitali za watoto za Kantha Bopha. Hiyo tuihesabu kuwa dana yetu.

Siku ya kwanza iwe ya Angkor Wat peke yake. Hekalu hili lilijengwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 12 na mfalme Suryavarman wa Pili, akaliweka wakfu kwa Vishnu. Limezungukwa na handaki la maji lenye upana wa mita 190 hivi, na kulivuka handaki hilo tu ni matembezi. Utaalamu wake mkubwa uko katika baraza za chini, ambako kuta zote zimechongwa hadithi tulizosimuliwa na mama zetu. Upande wa magharibi mna vita vya Kurukshetra, na Bhishma amelala juu ya mishale; upande huo huo, kaskazini ya lango, mna vita vya Lanka. Mashariki mna Bahari ya Maziwa ikisukwasukwa: asura 92 upande mmoja na deva 88 upande wa pili wanamvuta nyoka Vasuki, na katikati yuko Vishnu juu ya kobe. Ukuta huo mmoja una urefu wa karibu mita 50. Mtu apitaye mbio huona mawe yenye sura nyingi. Mtu atembeaye polepole, na bibi wa miaka sabini pembeni yake akimwambia huyu ni nani na yule ni nani, huyo amefika Angkor. Kwa sababu hiyo nasema wazee wasiachwe. Vijana wetu wana kamera nzuri, lakini hadithi zimo kwa wazee.

Liko jambo moja litakalowatatiza, nami naona heri mlisikie leo. Sisi tumezoea pradakshina, kumzunguka mungu naye akiwa mkono wetu wa kuume. Michongo ya Angkor Wat imepangwa kinyume: anayeifuata kwa utaratibu wake hulizunguka hekalu likiwa mkono wa kushoto. Tena mlango wake mkuu waelekea magharibi, si mashariki. Wataalamu wengi wamelihusisha jambo hili na ibada za mazishi, wakadhani mfalme alikusudia pawe pia kaburi lake, wengine hawakubali. Mimi sitaamua. Nawaombeni tu msisimame pale mkamfundisha mwenyeji namna ya kuzunguka.

Maana wenyeji wapo. Baadaye hekalu likawa la Kibuddha, na ni la Kibuddha mpaka leo. Mtaona watawa wenye majoho ya rangi ya zafarani. Katika lango la magharibi imesimama sanamu ya Vishnu yenye mikono minane. Wakhmer humwita Ta Reach, wamemvika kitambaa, na humwekea ubani na maua. Mama mmoja wa hapa ameniuliza kama ataruhusiwa kummiminia maziwa. Hapana, mama. Washa ubani kama wawashavyo wao, ufumbe mikono, yatosha.

Siku ya pili ni ya Banteay Srei, hekalu dogo la Shiva lililowekwa wakfu mwaka 967. Halikujengwa na mfalme bali na mshauri wake, Yajnavaraha. Mawe yake ni mekundu ya waridi, na michongo yake ni myororo kama kazi ya sonara. Tafuteni Ravana akiutikisa mlima Kailasa. Tuondoke mapema, turudi kabla ya jua la mchana.

Siku ya tatu ni ya Bayon yenye nyuso kubwa za mawe, na Ta Prohm ambako miti imekalia kuta. Yote mawili ni ya Jayavarman wa Saba, mfalme Mbuddha. Ta Prohm aliliweka wakfu mwaka 1186 kwa kumbukumbu ya mama yake, na mafundi wa serikali ya India wamefanya kazi ya kulikarabati.

Chakula. Mapishi ya Kikhmer hutumia sana mchuzi wa samaki, na prahok, yaani samaki wa kuvundikwa, hata katika sahani inayoonekana ya mboga tupu. Siem Reap ina mikahawa ya Kihindi, lakini barabarani tubebe thepla na khakhra, kama Wagujarati walivyobeba tangu enzi za majahazi.

Majirani walioniuliza kama wanaruhusiwa: lango lile halimuulizi mtu dini yake, humwangalia tiketi na mavazi. Mabega na magoti yafunikwe, kwa wanaume na wanawake.

Mwanzo wa Desemba naona ndio wakati mwema: mvua zimekwisha, joto limepungua, na shule zetu zimefungwa. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano isisahaulike. Ngazi za mnara wa katikati ni za wima sana, na hufungwa katika siku takatifu za Kibuddha. Asiyeweza kuzipanda hakukosa kitu kikubwa, kwani hadithi ziko chini. Katibu anayo daftari pale mlangoni. Kila atakayejiandikisha aandike pia kama ana maradhi ya moyo au ya magoti, ili tujue mapema ni magari mangapi ya kukodi na viti vingapi vya magurudumu vya kuazima.