Mtambo na Walinzi Wake

Somo la leo lahusu mitambo ambayo lazima itende kazi kwa wakati wake. Mfano tunao hapa Kariakoo: taa za kuongozea magari katika Barabara ya Msimbazi, ambako mabasi ya mwendokasi yalianza kupita Mei 2016.

Taa za namna hii huongozwa na kompyuta ndogo iliyo sandukuni kando ya njia. Kompyuta huweza kukwama, kama bawabu aliyesinzia. Kwa hiyo mafundi huiwekea walinzi wawili. Wa kwanza ni saa. Kompyuta sharti iipe saa hiyo ishara kila baada ya kitambo kidogo. Ikinyamaza, saa huiwasha upya. Wa pili ni chombo kisichoitegemea kompyuta hata kidogo: hupima umeme uendao kwenye taa zenyewe. Kijani kikiwaka kwa njia mbili zinazokatana, chombo hukizima mara moja, na taa hubaki zikiwaka na kuzimika.

Kila mtambo utaharibika siku moja. Fundi mwema hupanga mapema jinsi utakavyoharibika, usije ukaua watu. Nawe dereva, ukikuta taa zinawaka na kuzimika, punguza mwendo, tazama pande zote, ndipo upite.