Siku za Nyumbani Baada ya Kemotherapi
Hotuba kwa wakazi wa Garsen



Mgonjwa wa saratani kutoka hapa hupata kemotherapi mbali na nyumbani. Wengine huteremka hadi Hospitali Kuu ya Pwani, Mombasa, safari ya zaidi ya kilomita 200. Wengine hupanda hadi Hospitali ya Rufaa ya Garissa. Mara nyingi hutiwa dawa kwa siku moja tu, kisha hurudi kusubiri awamu nyingine baada ya wiki 3 hivi. Kwa hivyo, sehemu kubwa ya matibabu haya hupita nyumbani, mikononi mwa mume, mke, watoto na majirani.

Dawa hizi hushambulia chembe zinazokua haraka. Saratani hukua haraka, lakini pia mizizi ya nywele, ngozi laini ya ndani ya mdomo na tumbo, na uboho wa mifupa unaotengeneza damu. Ndiyo sababu mgonjwa hupukutika nywele, hutoka vidonda mdomoni, hutapika na kuchoka. Hajarogwa, wala si dalili kwamba dawa imeshindwa. Kwa kawaida nywele huota tena matibabu yakiisha.

Hatari kubwa ni ile isiyoonekana. Mara nyingi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dawa, chembechembe nyeupe za damu hupungua sana, na mwili hubaki bila askari. Maradhi madogo yanaweza kuua kwa muda wa saa chache.

Hapa ndipo familia nyingi hukosea. Homa ikipanda usiku, watu husema ni malaria tu, mgonjwa hupewa Panadol na kuambiwa asubiri kuche. Kwa anayetumia kemotherapi, joto la nyuzi 38 au zaidi, au kutetemeka kwa baridi, ni dharura. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na neno la kwanza kwa daktari liwe: "Huyu yuko kwenye kemotherapi." Malaria itapimwa huko huko.

Safari hiyo hupangwa kabla ya homa kuja. Nyumbani pawe na kipimajoto. Asiye nacho amwone mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chake. Ijulikane mapema ni gari au bodaboda ya nani itakayoamshwa usiku, na ni nani atakayebaki na watoto. Kitabu cha matibabu na nambari ya simu ya kliniki viwekwe mahali pamoja panapojulikana na wote. Mafuriko ya mwishoni mwa 2023 na ya Aprili na Mei 2024 yalikata barabara katika kaunti hii. Basi mvua zikikaribia, mgonjwa wa ng'ambo ya mto azungumze na daktari wake mapema, na ikiwezekana afikie kwa jamaa aliye karibu na hospitali.

Chakula nacho ni kinga. Maziwa yachemshwe, hata yakiwa yametoka kukamuliwa sasa hivi. Maji ya mto yachemshwe au yatiwe dawa. Samaki na nyama viive kabisa. Maembe yaoshwe na kumenywa. Asiyeweza kumaliza sahani ya wali ale kidogo kidogo mara nyingi. Uji mwepesi au ndizi iliyopondwa hupita hata mdomo ukiuma. Asukutue kwa maji safi ya chumvi, na alale ndani ya neti.

Kwa saa 48 baada ya dawa, anayesafisha matapishi au mkojo avae glavu na anawe kwa sabuni. Lakini saratani haiambukizi. Kumkumbatia mgonjwa, kula naye na kulala naye chumba kimoja hakuna ubaya. Mwenye mafua au kikohozi ndiye asiende kumjulia hali, apige simu.

Mwezi wa Ramadhani, mgonjwa asione haya kula, kwa kuwa dini imempa ruhusa. Anayetumia miti shamba amwambie daktari, kwani mingine hugongana na dawa. Na tangu Oktoba 2024, bima ya NHIF nafasi yake imechukuliwa na SHA. Familia ambayo haijajisajili ipige *147# leo, isingoje kufika dirishani.

Mwenye shamba hataweza kulima kama zamani, na mwenye mifugo hataweza kuifuata malishoni. Jirani akimlimia ngwe mbili au akimchotea maji, huyo naye amemtibu.