Kumi la Kati Nyumbani Kwetu

(Mazungumzo mbele ya vijana na wazazi baada ya futari, Kaloleni, Kisumu)



Wazee wangu, mama zangu, kaka na dada, nimeambiwa nizungumze kuhusu wazazi. Aya za Suratul Israa juu ya wazazi tumezihifadhi sote tangu chuoni, na maalim wangu yuko hapa mbele, kwa hivyo hizo namwachia yeye. Mimi nataka nizungumze kuhusu omena.

Msicheke.

Mama yangu alikuwa akiuza omena sokoni Kibuye, kwa gorogoro na kwa mkebe. Akishaswali alfajiri anateremka Dunga, ananunua wakiwa wabichi, anawaanika juani. Mvua ikinyesha kabla hawajakauka, basi mtaji umeoza. Sasa omena, ambao Tanzania wanaitwa dagaa na Uganda mukene, huvuliwa usiku kwa taa. Wavuvi wanaelekeza taa majini, samaki wanaufuata mwangaza, ndipo wanazungushiwa wavu. Lakini mbalamwezi ikiwa kali taa haiwavuti tena, na mitumbwi inarudi karibu mitupu.

Mwaona inavyokwenda? Ramadhan huanza na mwezi mwandamo, usiku ni giza, omena ni tele. Kumi la kwanza Mama alikuwa na pesa. Ikifika kumi la kati mwezi umejaa, soko limekauka.

Baba naye alikuwa fundi cherehani, ile ya kukanyaga kwa miguu, pale barazani. Yeye Ramadhan ikianza hana kazi, maana nani anashona kanzu mapema? Watu wa Kaloleni sisi tunajijua. Kila mtu anakuja kumi la mwisho na kitambaa mkononi, ati "Fundi, ya Idd hiyo." Hapo Baba halali mpaka daku, tepu iko shingoni, na anafululiza hata umeme ukipotea, kwa taa ya chemni. Kanzu zetu sisi watoto alizishona mwisho kabisa, usiku wa kuamkia Idd. Nyingine tulizivaa bado zina moto wa pasi.

Basi kumi la kwanza lilikuwa la Mama na la mwisho likawa la Baba. Hilo la kati lilikuwa la nani? Mimi nilikua bila kulijua. Kila magharibi uji wa pilipili manga ulikuwepo, mahamri na mbaazi zilikuwepo, na sahani ya jirani ilitoka kwanza.

Mwaka jana nilipokuja likizo nikamuuliza Mama. Akacheka, akasema, "Mwanangu, kumi la kati tulikuwa tunakula kanzu ambazo hazijashonwa." Kumbe Baba alikuwa akichukua malipo ya mbele kwa wateja wawili watatu aliowaamini, na ndiyo maana hao ndio aliowashonea kwanza.

Nikamuuliza na ule mwaka wa 2013. Ramadhan ilianza Julai, na uvuvi wa omena hufungwa kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Julai ili samaki wazaane. Kumi la kwanza likawa halina kitu, na la kati pia. Mama akanyamaza kidogo, kisha akagusa sikio. Alikuwa na kerabu za dhahabu, za harusi yake. Nilidhani zilipotea. Baba hakuwahi kuzinunua tena. Alifariki 2019, Allah amrehemu, na Mama anasema hakumdai.

Ndugu zangu, wengi wetu tunasoma Nairobi, Eldoret, Maseno. Tunapata kibarua, tunamtumia Mama mia tano kwa M-Pesa, na hiyo ni kheri, msiiache. Lakini pesa haiulizi maswali. Kila nyumba hapa ilikuwa na kumi lake la kati, na anayejua lilivukwa vipi huenda sasa hivi amekaa upande wa kina mama, anangoja mazungumzo haya yaishe akalale.

Leo ni mwezi kumi na nne. Mkitoka nje mtauona umesimama angani, mkubwa kama sinia. Kesho ukitumwa omena Kibuye ukute gorogoro imepanda bei, usibishane na yule mama.