Picha Isemayo Ukweli Wote: Jinsi ya Kuandaa Picha za Ripoti za Miradi

(Mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti na kamati za usimamizi wa miradi mashinani)



Nianze kwa kukiri kosa langu. Msimu mmoja wa mvua ya masika, mwanakamati alinitumia picha ya kalvati iliyopasuka kwenye barabara ya kwenda shuleni. Nikaiweka kwenye ripoti. Ufa ulionekana vizuri. Lakini barabara hiyo ina kalvati nne zinazofanana, nami nilikuwa nimekata kando za picha ili ipendeze, nikaondoa duka na mti vilivyokuwa nyuma. Fundi akaenda kwenye kalvati nzima, akaandika kwamba hakuna tatizo. Kabla hajatumwa tena, ile mbovu ikabomoka, na watoto wakazunguka njia ndefu kwa wiki mbili. Sikumdanganya mtu, ila picha yangu haikusema ilipigwa wapi.

Kwa hivyo nawaomba mzingatie mambo sita.

Kwanza, piga picha tatu. Ya mbali ionyeshe mahali: shule, soko au mti unaojulikana. Ya kati ionyeshe kalvati yote. Ya karibu ionyeshe ufa, na kando yake uweke rula au tepu ya kupimia. Ukikosa, weka kalamu. Bila kipimo, mhandisi hawezi kujua kama ufa unaingiza kidole au mkono.

Pili, usiguse picha ya asili. Ihifadhi jinsi ilivyotoka kwenye simu, kisha utengeneze nakala ya kuchorea. Kuongeza mwanga kidogo kwenye nakala si kosa. Kufuta kitu kilichokuwepo ni uongo, na mkaguzi akiomba picha ya asili utaaibika.

Tatu, weka alama chache. Sehemu ya kuhariri picha kwenye simu nyingi ina kalamu ya kuchora na nafasi ya kuandika. Chora mshale, uandike A, B au C. Alama tatu au nne zatosha; maelezo marefu yakae chini ya picha. Kumbuka pia kwamba ripoti nyingi huchapishwa kwa rangi nyeusi na nyeupe. Mshale mwekundu juu ya udongo mwekundu hupotea. Mshale mweupe wenye ukingo mweusi huonekana popote.

Nne, andika maelezo kamili. Kwa mfano: “Picha 2. Kalvati ya pili kutoka sokoni, upande wa mtoni, 12 Aprili. A: ufa wa sentimita 4. B: udongo uliochukuliwa na maji.” Kisha ndani ya ripoti uandike, “tazama Picha 2, alama A.” Picha isiyotajwa popote kwenye ripoti, itoe.

Tano, angalia namna unavyotuma. Ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, ubora wake hupunguzwa. Itume kama hati. Picha itakayochapishwa kwa upana wa sentimita 15 yafaa iwe na pikseli 1,800 hivi kwa upana ili itoke safi. Nakala yenye maandishi ihifadhi kama PNG, kwa sababu JPEG hupoteza ubora kidogo kila inapohifadhiwa upya, na herufi huanza kufifia.

Sita, linda watu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kinachoripotiwa ni kalvati, si mtoto anayeivuka. Subiri apite. Kama sura imeingia, ifunike kabisa kwenye nakala utakayotuma.

Namalizia kwa mwananchi wa kawaida atakayesoma maneno haya kwenye jarida letu. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na ripoti za miradi ni miongoni mwa habari hizo. Ukiona bomba limepasuka au daraja limelegea, huhitaji kamera ya bei ghali. Simu yako, rula ya mtoto wa shule na maelezo ya mistari miwili vitamfikisha fundi mahali panapostahili, kabla ya mvua.